Kababu Sitini na Nne

Jumatano moja ya mwezi wa Novemba, saa sita na dakika ishirini mchana, Bi Regina Wilk alifungua friji ndogo ya jiko la Nyumba ya Wazee, Mtaa wa Kinu, mjini Jagodnica, akaingiza kipimajoto na kusubiri. Alivaa koti jeupe, kofia ya karatasi, na vile viatu vya plastiki vya bluu ambavyo idara ya afya ya wilaya huwapa wakaguzi wake jozi mbili kwa mwaka, na jozi zote mbili huwa zimeshapasuka kabla ya Pasaka. Kipimajoto kilisoma nyuzi tatu. Sheria inataka nne au chini yake. Akaandika tatu.

Friji hiyo haikuwa ya chakula cha kuliwa. Hapa Poland kila jiko linalolisha watu wengi lazima liweke kando sampuli ya kila chakula kilichopikwa, si chini ya gramu mia moja na hamsini, ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, na karatasi iliyoandikwa jina la chakula, tarehe na saa. Chupa hukaa saa sabini na mbili. Watu wakiumwa matumbo, maabara inajua pa kuanzia. Wasipoumwa, saa zikitimia, chakula kinamwagwa. Kukila ni kosa. Regina alikuwa amewafundisha wapishi jambo hilo kwa miaka ishirini na sita, na hakuna hata mara moja alipolisema bila kuliamini.

Akatoa chupa ya supu ya shayiri, akasoma karatasi yake, akairudisha. Akatoa ya kabichi. Alipofika kwenye chupa ya kababu, mkono wake ulikwama. Chupa haikuinuka.

"Imegandia kwenye rafu?" akauliza.

"Wala." Mpishi mkuu, Bi Bożena, hakugeuka, alikuwa anasugua sufuria kubwa kuliko yeye. "Tumia mikono miwili, mama inspekta. Na uinuke kwa magoti, usije ukajivunja kiuno kama mimi."

Regina aliinuka kwa magoti, akaiweka chupa kwenye mizani ya jikoni. Kilo sita na gramu mia saba. Chupa tupu ya namna ile ni gramu mia mbili, na mle ndani, kwa macho, mlikuwa na kababu mbili kwenye mchuzi mweupe wa malai na majani ya shibiti.

Sasa, kuna wakaguzi ambao wangeandika "sawa" wakaenda zao kunywa kahawa. Regina hakuwa wa hivyo. Alikuwa mtu wa kutaka kujua. Utotoni aliwahi kuifungua saa ya ukutani ya bibi yake aone kuna nini kinachopiga kelele, akachapwa, na wiki iliyofuata akaifungua tena kwa sababu mara ya kwanza hakuona vizuri. Akachukua uma, akatoa kababu mbili za juu. Chini yake kulikuwa na mbili. Akazitoa. Chini kulikuwa na mbili nyingine. Trei ya kwanza ikajaa, ya pili ikajaa, ya tatu ikafika nusu, ndipo uma ukagonga kioo. Alizihesabu: sitini na nne, kila moja gramu mia kamili, nyama tupu yenye kitunguu na pilipili manga. Akazirudisha moja moja. Zote ziliingia, na nafasi ikabaki ya mchuzi.

"Nyumba hii ina wazee wangapi?"

"Sitini na nne," alisema Bi Bożena. "Wiki iliyopita kababu zilikuwa sitini na tano, kabla Bi Leokadia hajatutoka."

"Na imeanza lini kuwa hivi?"

"Tangu Bwana Sroka apate zabuni ya kutuletea vyakula. Rafu ya kwanza ilivunjika mwezi uleule."

Alieleza bila kuona haya. Sroka huleta mifuko ya kababu zilizogandishwa, za kupasha moto tu, kwa ajili ya wazee. Pembeni huleta kifurushi kidogo cha nyama ya kweli, cha kutosha kababu mbili. Hizo mbili Bi Bożena huzipika mwenyewe asubuhi kwenye kisufuria cha enameli, na hizo ndizo zinazoingia chupani.

"Kwa hiyo mnanipikia mimi peke yangu," alisema Regina.

"Ehe. Mgeni si anapikiwa kwanza? Kwani nyumbani kwenu mlikuwa mnafanyaje, mnampa mgeni makombo?"

Regina alikitazama kisufuria. Kisufuria kama kile kipo katika kila jiko la wilaya, shuleni, hospitalini, kwa masista. Miaka yote amekiona kimening'inia kwenye msumari wake na hakuwahi kukiulizia, kwa sababu aliona ni adabu ya watu tu, kama kumtandikia mgeni kitambaa safi mezani. Leo kilimkera.

Akaenda kwenye chumba cha kulia akiwa na mizani yake ndogo mkononi. Wazee walikuwa wameshaanza, na wazee hula polepole, kwa hiyo kulikuwa bado na cha kukagua. Karibu na dirisha aliketi Mzee Ignacy Bąk, ambaye alikuwa amepima mabehewa ya viazisukari kwenye kiwanda cha sukari kwa miaka arobaini. Fimbo zake mbili zilikuwa chini ya meza. Mkabala naye aliketi rafiki yake Zenon.

"Karibu, mama inspekta," alisema Mzee Ignacy. "Umekuja kutukagulia mkate?"

"Nimeambiwa leo ni kababu."

"Ndiyo hiyo sasa. Mkate umejipa jina. Juzi huyu Zenon kakuta kitu kigumu ndani yake, akapiga kelele, nyama, nyama! Tukamjia wote. Kumbe jino lake."

"Lilikuwa tamu kuliko kababu," alisema Zenon.

Regina aliomba sahani, akapima. Gramu thelathini na moja. Kababu ilikuwa inaelea kwenye mchuzi. Alipoikata, ndani ilikuwa nyeupe kabisa, chembe za mkate na soya, na harufu yake ilikuwa ya mfuko.

"Uzito haupotei, binti yangu," alisema mzee, akimtazama anavyoandika. "Behewa likija jepesi, mahali fulani kuna jingine limekuja zito. Hilo jingine umeliona?"

"Liko kwenye friji ya sampuli."

Mzee Ignacy aliitikia kwa kichwa, akafuta mdomo. Aliuliza ni kilo ngapi, akaambiwa sita na nukta nne ukiondoa chupa na mchuzi, akagawanya kichwani kwa sitini na nne, akaridhika na hesabu.

"Basi nipe yangu," akasema.

Hakuwa anatania. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imekwisha, na daktari wa hospitali ya wilaya alikuwa tayari kumwekea ya chuma mwezi wa Machi, kwa sharti moja: afikishe kilo sitini. Chini ya hapo hawampasui, kidonda hakitapona. Alikuwa na kilo hamsini na saba. Alipohamia Mtaa wa Kinu alikuwa na sitini na tisa. Nyumba yake iko ghorofa ya tatu, jengo halina lifti, na chama cha wapangaji kilikuwa kimekubali kumwekea hadi mwisho wa Machi. Bila nyonga hapandi ngazi, na asipopanda ngazi ndiyo basi, atafia hapa, pamoja na Zenon na meno yake. Alimweleza Regina haya yote kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni.

"Siwezi kukupa, Mzee. Ni sampuli."

"Sampuli ya nini?"

"Ya chakula mnachokula."

Mzee Ignacy alimtazama. "Ya chakula tunachokula," akarudia taratibu, na Zenon akacheka mpaka muuguzi akaja kumpiga mgongo.

Alhamisi Regina alipeleka taarifa kwa mkuu wake, Bwana Halicki, mtu mpole mwenye ofisi yenye mimea mingi. Halicki aliisoma huku anamwagilia.

"Orodha ya chakula inasema nini? Kababu ya nyama, gramu mia kwa kila mkazi?"

"Ndiyo."

"Mara sitini na nne. Kilo sita na nukta nne. Umeikuta?"

"Nimeikuta. Kwenye chupa moja."

"Imeoza?"

"Hapana. Ni nyama nzuri sana."

"Basi kaibiwa nani, Regina? Nyama yote ipo, iko kwenye jengo lao, tena kwenye baridi inayotakiwa. Ningeikuta nyumbani kwa Sroka ningekuelewa."

"Lakini wazee hawaili!"

"Fomu haiulizi nani amekula." Aliigeuza fomu, akamwonyesha kwa kidole. "Sampuli ipo? Ipo. Ina karatasi? Inayo. Si chini ya gramu mia na hamsini? Jamani, hii ni mara arobaini! Kwenda juu sheria haikuweka mpaka. Mimi hapa naona jiko bora kuliko yote wilayani."

Regina alikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Alitoka bila kuaga, akashuka ngazi mbili mbili, na pale chini akasimama akajiuliza kama kuna mahali pa kuipeleka hasira ile. Hapakuwepo. Akarudi juu kuchukua mwavuli wake.

Lakini alikuwa bado anataka kujua. Jumatano iliyofuata alifika Mtaa wa Kinu asubuhi na mapema, akakishusha kisufuria cha enameli kwenye msumari, akakifungia kwenye gari lake. Akamwamuru Bi Bożena ajaze chupa kutoka sufuria kubwa, mbele ya macho yake, kababu mbili zilezile za mkate wanazopewa wazee. Bi Bożena akafanya hivyo, huku amenuna. Zikaingia nyeupe, nyepesi, zinaelea. Regina akabandika karatasi kwa mkono wake mwenyewe: kababu ya nyama, gramu mia, tarehe, saa. Akafunga kifuniko, akaiweka chupa kwenye friji. Rafu ikalia.

Walifungua wote wawili. Ilikuwa nyama, kababu sitini na nne.

"Sasa unaona?" alisema Bi Bożena. "Siyo kisufuria changu. Nirudishie."

Regina akabandua karatasi, akaandika nyingine: mkate na soya. Chupa ikawa nyepesi papo hapo, kababu mbili zikaelea. Hapo angeweza kumkamata Sroka, ila karatasi ya chupa lazima ifanane na orodha ya chakula iliyopitishwa na halmashauri, na orodha ilisema nyama. Chupa yenye karatasi tofauti ni kosa la jiko, na faini angetozwa Bi Bożena, ambaye ana mume asiye na kazi. Regina akairudisha karatasi ya kwanza. Mwishowe akarudisha na kisufuria.

Alijaribu njia ya kawaida pia, msidhani hakujaribu. Jumapili alikaanga minofu miwili ya nguruwe nyumbani kwake, akaifunga vizuri, akampelekea Mzee Ignacy. Muuguzi alimpokea kwa heshima, akamwonyesha tangazo ukutani: chakula kutoka nje marufuku. Lilikuwa na miaka tisa, tangu keki ya siku ya kuzaliwa ya mtu ilipowalaza wazee kumi na wawili. Chini lilikuwa na saini ya Regina Wilk. Kuliondoa kulihitaji saini ya Halicki, na Halicki alisema wazo zuri, tutalitazama baada ya uchaguzi.

Ikabaki chupa. Regina alikaa akafikiri kwa kalamu na karatasi. Saa ya sabini na mbili ikipita, sampuli si sampuli tena; ni taka. Sheria inasema taka imwagwe, lakini haisemi imwagwe baada ya dakika ngapi. Jumamosi, ambayo si siku yake ya kazi, alifika saa sita na nusu kamili, akavaa viatu vyake vya bluu, akasubiri dakika moja, akafungua chupa. Bi Bożena alichungulia korido kulia na kushoto.

Mzee Ignacy aliletwa jikoni kwa kiti cha magurudumu, kitambaa kimeshafungwa shingoni. Zenon alikuja bila kuitwa. Regina alichota kababu moja iliyojaa, nzito, mchuzi unadondoka, akaiweka kwenye sahani ya mzee. Ilipogusa sahani ikapauka, ikanyanyuka kidogo, ikaanza kuelea.

Mzee akaikata. "Mkate," akasema.

Regina akachota nyingine, akaiweka kwenye sahani yake mwenyewe. Ilibaki nyama. Akaisukuma kwa uma kwenye sahani ya mzee, ikawa mkate. Akabadilisha sahani. Akabadilisha viti. Akamlisha mkononi, moja kwa moja kutoka uma wake hadi mdomoni, na mzee akatafuna macho yamefumbwa, akatikisa kichwa kwamba siyo. Zenon alijaribu kuiba moja kutoka chupani kwa vidole, akatoka na kipande cha mkate mkononi na mchuzi kwenye mkono wa sweta. Bi Bożena pia alijaribu, kwa ajili ya ukamilifu; naye, mfanyakazi wa pale, alipata mkate. Walifanya majaribio kumi na manane. Regina aliyaandika yote, kwa mistari iliyonyooka, na jibu lilikuwa moja: nyama ilikuwa ya inspekta.

 Jikoni kulinukia vizuri mno.

"Hebu kula wewe," alisema Mzee Ignacy.

"Mimi? Hapana, Mzee. Siwezi kula mbele yako."

"Itamwagwa hata hivyo. Miaka miwili sijaona mtu anakula nyama. Kaa hapo ule, nione."

Regina akaketi, akala. Aliona aibu sana, na aliona njaa pia, kwa sababu alikuwa hajanywa hata chai. Bi Bożena alikuwa mpishi hodari, hilo halina ubishi. Mzee Ignacy alimtakia chakula chema, kama inavyompasa mtu anayemkuta mwenzake mezani, na Zenon akamtakia pia. Kababu zote zilizobaki zikamwagwa kwenye ndoo mbele ya shahidi, na shahidi akatia saini.

Ikawa desturi. Kila Jumamosi Regina alikuja, akala, nao wakatazama. Mwezi wa Desemba wakaongezeka wazee wa meza nyingine, wakahamishia shughuli chumba cha kulia, kila mtu na kiti chake. Mkurugenzi wa Nyumba alinunua friji yenye rafu za chuma, na Sroka akaleta kitoroli cha magurudumu cha kubebea chupa, bure, kwa moyo safi. Mwezi wa Januari halmashauri ilitoa cheti kwa jiko la Mtaa wa Kinu. Februari, kwa kutazama cheti hicho, walimpa Sroka zabuni ya shule mbili na hospitali ya wilaya. Regina alikuwa ameandika pingamizi la kurasa nne, na majaribio yote kumi na manane yameambatishwa. Lilipokelewa, likagongwa muhuri, likawekwa kwenye faili lake.

Tarehe kumi na tano Machi Regina alimwendesha Mzee Ignacy hospitalini kwa gari lake. Mzee alivaa suti. Mifukoni hakuwa na kitu. Alivua hata miwani kabla ya kupanda mizani, kwa kuwa alikuwa amefanya kazi ya kupima na hakupenda udanganyifu. Kilo hamsini na nne. Daktari aliona huruma, akasema hivyo, kisha akapiga mstari juu ya jina na kuita anayefuata.

Mzee alipokuwa anavaa viatu, Regina alipanda mizani ileile, kwa kutaka kujua tu. Alikuwa ameongezeka kilo tano. Mzee Ignacy aliiona namba, miwani alikuwa ameshaivaa tena. Akaendelea kufunga kamba za viatu. Njiani walipita chini ya jengo lake, Regina akapunguza mwendo, na mzee akamwambia asisimame. Mwisho wa mwezi chama cha wapangaji kilimpa mtu mwingine funguo. Mzee Ignacy alilia siku mbili, kitandani, amegeukia ukuta, na siku ya tatu akaomba kunyolewa ndevu.

Jumamosi ya kwanza ya Aprili Regina hakutaka kuja. Alifika amechelewa dakika kumi, akawakuta wameshakaa, viti vimepangwa, Mzee Ignacy mbele. Bi Bożena akasukuma kitoroli. Regina alisema leo hana hamu. Akaambiwa asiwe na maringo, watu wamengoja wiki nzima. Akala moja, akala ya pili. Wazee wote walifuata uma wake kwa macho.

"Ikoje?" aliuliza Mzee Ignacy.

Regina alitafuna, akafikiri, kwa sababu mzee hakupenda kujibiwa ovyo. "Nzuri. Ila chumvi imepungua."

Jambo hilo lilizua mjadala. Zenon alisema alihisi tangu wiki iliyopita, kwa harufu. Bi mmoja wa meza ya nyuma alisema nyama isiyo na chumvi ni kuwavunjia watu heshima. Mzee Ignacy alinyoosha mkono wake mwembamba, wakanyamaza.

"Liandike, mama inspekta," akasema.

Regina akafungua fomu, na kwenye nafasi ya maoni akaandika kwamba chumvi iongezwe. Jumatatu Halicki alitia saini, Jumanne Sroka alipewa barua, Jumatano Bi Bożena akaongeza. Jumamosi chumvi ilikuwa sawa kabisa, na Mzee Ignacy, alipoambiwa, alifurahi sana.